Madame Victorine, Aliyeileta Dunia Muheto

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha historia, kwanza Walikale na kisha hapa kwetu Muheto, Masisi, Madame Victorine Mwamini anastaafu tarehe 2 Julai mwaka huu. Kamati ya walimu imenipa mimi, Jean-de-Dieu wa jiografia, kazi ya kuandika wasifu wake. Msidhani nimechaguliwa kwa ufundi wa kalamu. Mwalimu wa Kifaransa alisema ana mitihani ya kusahihisha, mwalimu wa dini akasema yeye ataongoza sala, na mimi nilichelewa mkutanoni. Nilipoingia nilikuta nimeshapigiwa makofi.

Madame ni mtoto wa msitu. Alizaliwa Walikale, baba yake akiwa mkulima na mwindaji, akasomea ualimu Bukavu. Alipopanda kwetu Masisi, baridi ya milima ilimpiga hadi akafundisha wiki nzima amejifunga vitenge viwili na blanketi. Sisi wanaume wa chumba cha walimu tulitabiri kwamba hatamaliza muhula. Katika watabiri wale nimebaki mimi peke yangu. Wengine walihama mmoja mmoja, na kila mmoja wao Madame ndiye aliyemwandalia chakula cha kumuaga.

Kabla yake, historia ya Kongo katika shule yetu ilianza Kongo na kuishia Kongo. Wanafunzi walikariri tarehe na majina ya watawala, mtihani ukapita, na yote yakasahaulika kabla maharagwe hayajavunwa. Yeye alisema nchi ni kama shamba la mlimani: huwezi kuelewa udongo wake kama hujaangalia maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi.

Mwanafunzi wake wa kwanza mgumu nilikuwa mimi. Siku moja alinikuta nakula bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaniuliza, "Papa Jean-de-Dieu, hiyo sombe ilitoka wapi?"

Nikamjibu kwa fahari ya mtu aliyesomea jiografia, "Hii iko chakula ya babu zetu. Iko hapa tangu Adamu."

Akavuta kiti, akanieleza bila haraka kwamba muhogo ulivuka bahari kutoka Brazili, enzi za meli za Wareno, meli zilizokuwa zikirudi huko zimejaa watu wetu waliouzwa. Maharagwe nayo yalitoka Amerika. Tonge likaniganda mkononi. Nikajaribu kuitetea ndizi, nikaambiwa ilitoka Asia. Tangu siku hiyo naitazama sahani yangu kwa macho ya ofisa wa uhamiaji, ingawa sijawahi kufukuza chochote.

Wengi mnakumbuka tufe la dunia lililokaa muda mrefu katika darasa la sita. Alilipata Goma, kwenye parokia moja iliyokuwa ikipunguza vitu, na mimi nilikuwa naye safarini kurudi. Tulipita Sake juu ya pikipiki moja, yeye amelikumbatia tufe ndani ya kitenge, mimi nimelikumbatia begi langu. Mbele kidogo tukakuta bariyeri imefunga barabara. Kijana mwenye bunduki akagusa kitenge kwa kidole.

"Hii iko nini?"

"Iko dunia, kaka," akasema Madame.

"Dunia ya nani?"

"Ya shule."

Hapo nikaona ni wajibu wangu kusaidia. Nikaanza kueleza kwa Kifaransa, kwa sentensi ndefu, kuhusu mistari ya latitudo. Wenzake wawili wakasogea. Madame alinikanyaga mguu, akafungua kitenge.

Kijana akalizungusha tufe polepole. "Nionyeshe Masisi."

"Masisi haiko humu. Inaonekana Kongo tu."

Akainama, akatafuta mwenyewe, kisha akanyanyua uso. "Kama haiko humu, basi batu ya dunia yote banajuaka namna gani njia ya kuja kukamata mawe yetu?"

Nilitazama chini. Madame alimtazama yeye. "Kaka, hiyo swali ndiyo ninafundishaka. Siku utapata nafasi, kuja mu klasi."

Kijana alilizungusha tufe mara moja zaidi. Halafu akalifunika tufe kwa mikono yake, akasema mvua iko karibu, twende. Hakuja darasani, na hatujui yaliyompata. Lakini kila mwaka, somo la madini ya Walikale, mawe yanayoingia kwenye simu, lilipofika, Madame aliliandika swali lake ubaoni, na chini yake akaandika: limeulizwa na kijana mmoja, njia ya Sake.

Sasa nifike kwenye siku ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote.

Ulikuwa mwaka ambao vijiji vya jirani viliungua, familia zikalala katika madarasa yetu. Darasa la sita likagawanyika lenyewe. Upande mmoja wa madawati walikaa watoto waliojiita wenyeji, upande wa pili wale walioitwa waliokuja. Cyusa, kijana mpole aliyezaliwa hapahapa kama baba yake, alikuta dawati lake limeandikwa kwa chaki: Rudi kwenu.

Wazazi wakaja juu. Papa Gustave, mkulima ambaye binti yake Elisabeth alikuwa darasa hilohilo, alisema mbele ya prefe wetu, mkuu wa shule, "Madame, fundisha batoto historia ya hapa tu. Mambo ya dunia inaleta fujo." Kesho yake akaja Papa Nizeyimana, babu yake Cyusa, akasema kwa sauti ya chini, "Ile somo ya kuja kwetu, uiruke. Ukiigusa, batatuua." Watu wawili wasiosalimiana walikuwa wanaomba kitu kimoja: kimya. Prefe naye aliomba kimya, tena kwa heshima zote.

Madame alikubali kuliacha somo lile kwa sharti moja. Walisikie wazee wote wawili kwanza, wakiwa wamekaa darasani na watoto. Wakisema ni baya, hatalirudia.

Asubuhi ya somo hilo chaki ilimvunjikia mara mbili. Alijua fika kwamba neno moja likikosewa, si shule tu itakayolipa. Mimi niliitwa kusaidia. Nilivaa koti, nikajiandalia maneno kuhusu mwinuko na rutuba ya udongo wa volkano. Kumbe mguu wa tufe ulikuwa umevunjika, na alihitaji mtu wa kulishika. Basi ndivyo nilivyoingia katika historia ya elimu Masisi: kama mguu wa tufe.

Hakuanza na kitabu. Alimgeukia Papa Nizeyimana, akamwomba awaambie watoto namna baba yake alivyofika kwenye milima hii.

Mzee alivua kofia, akaiweka juu ya dawati. Kisha akasema, "Balimuleta na lori, kutoka ngambo ya mpaka. Babelgiji balisema huku kuko udongo. Hakuna muntu alimuuliza kama anataka. Balimuweka mu shamba ya pareto ya muzungu, alime."

Papa Gustave akasimama. Nikalishika tufe kifuani kama ngao. "Ile shamba ya pareto," akasema, "ilikuwa kilima ya babu yangu. Balimufukuza na fimbo, mavuno yake ikiwa ingali mu udongo."

Madame aliwaambia watoto watazame Ulaya. Mimi, kwa hofu, nilikuwa nimewaelekezea Australia. Akaligeuza tufe mikononi mwangu. Akaeleza kwamba miaka ile mataifa makubwa yalikuwa vitani, na maua ya pareto yalisagwa kuwa unga wa kuua wadudu waliosumbua majeshi. Unga huo ulitakiwa kwa wingi na upesi. Ofisini Ubelgiji na katika makao ya koloni watu wakapanga: watu watoke huku, ardhi itoke kule. Mmoja akapandishwa lori, mwingine akashushwa kilimani kwake. Waliopanga hawakumjua hata mmoja wao, na vita vilipokwisha walienda zao, wakawaacha hawa wawili wakitazamana.

"Sisemi kilima iko ya nani," akamalizia. "Hiyo iko kazi ya bakubwa na sheria. Ninasema tu mujue nani aliwasha moto, kabla ya kugombana na mwenye aliungua."

Hakuna aliyepiga makofi. Papa Gustave alikuwa bado amesimama. Akamtazama Papa Nizeyimana, akamuuliza, "Baba yako alikula nini ule mwaka wa kwanza?"

"Njaa."

Papa Gustave akakaa. "Na sisi pia," akasema.

Sitawadanganya kwamba ugomvi wa ardhi uliisha siku hiyo. Kilima hakikurudi kwa mtu, na milima yetu imeona mabaya mengine tangu hapo. Ila hakuna mzazi aliyeomba tena somo lirukwe. Jumatatu yake maandishi ya chaki yalikuwa yamefutwa, na Elisabeth alikuwa amehamia dawati la Cyusa, akisema kwamba pale kuna mwanga zaidi. Leo Elisabeth anafundisha watoto wadogo kule Burungu, Cyusa ni muuguzi. Na vita vilipotukimbiza sote hadi Sake, Madame alifundisha somo lilelile chini ya turubai, akichora dunia mchangani kwa kijiti. Australia aliniachia mimi niichore.

Sasa anarudi Walikale, kwenye shamba la mama yake, kupanda michikichi na kulala bila kengele. Prefe ametangaza kwamba kuanzia Septemba historia ya darasa la sita itafundishwa na mimi. Wanafunzi wameshapata habari. Juzi mmoja wao, Carmel, alinisimamisha uwanjani akaniuliza kwa nini simu iliyotengenezwa kwa mawe ya Walikale haishiki rezo ya mtandao kule Walikale. Nilimwambia hilo ni swali zuri sana, nikaenda haraka kama mtu anayeitwa.

Madame Victorine, kwa niaba ya walimu, wazazi na wanafunzi wote uliowafundisha kuangalia mbali ndipo waone karibu, tunakushukuru. Mungu akupe afya, mvua ya kiasi, na majirani wema. Tumesikia kwamba kijijini kwenu simu hushika juu ya kilima kimoja tu, nyuma ya kanisa. Tunakuombea miguu yenye nguvu, kwa sababu kila Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, nitakuwa nakupigia.