Nafasi ya Kidole cha Mama Kavuo

Mheshimiwa mwakilishi wa Meya, Padri wetu, wachungaji, ndugu wageni waalikwa, baba na mama mliotoka Butembo kwa barabara ile mnayoijua, na ninyi kumi na mmoja mnaomaliza leo masomo ya uuguzi: jambo kwenu wote.

Mlinialika nisifu masomo. Nitayasifu vipi, wakati vita hii imenionyesha aibu yangu mwenyewe?

Mwaka jana, mabomu yalipoanguka upande wa Mavivi, tulipokea majeruhi ishirini na saba asubuhi moja. Mmoja aliitwa Josaphat, msukuma baiskeli ya mizigo kati ya Butembo na hapa Beni. Mguu wake ulikuwa umepasuka. Mimi, mkuu wa wauguzi, mwenye diplome ya Kinshasa, nilimbonyeza kidole cha mguu, nikamuuliza: "Unasikia?" Akanikodolea macho. Nikabonyeza tena: "Unasikia?" Akapiga kelele: "Hapana! Sisikie kitu!" Nikaandika kwenye fiche, karatasi ya mgonjwa, kwa Kifaransa safi cha shule, kwamba mguu umekufa ganzi.

Mama Kavuo, anayeosha wagonjwa wetu kwa miaka kumi na tisa sasa na hajakaa darasani hata siku moja, akaniambia: "Lakini mukubwa, uyu mutu anasikia. Nilimumwangia maji ya baridi, akavuta bidole. Ni masikio ndiyo imekufa, juu ya kishindo ya bomu." Mnajua nilimjibu nini? "Weye ulisoma wapi?" Akachukua ndoo yake. Daktari, ambaye majeruhi wengine walikuwa wakimngoja mlangoni, alisoma fiche yangu, akaukata mguu.

Siku ya nne masikio ya Josaphat yalifunguka. Akaniuliza: "Juu ya nini mulikata muguu yangu?" Hata leo ninaona haya kusimama hapa.

Wanangu, shule imewafundisha majina ya mishipa yote, na hiyo si kazi ndogo. Lakini nani aliwafundisha kumtazama mtu mnapomwosha? Élise, wewe uliyekuwa wa kwanza darasani, usinune. Diplome zenu nimezisaini zote, ila leo hamtazichukua. Wazazi, najua mmeshapika, kuleni tu. Chini ya sahihi yangu nimeacha nafasi. Kwa miezi mitatu mtabeba ndoo nyuma ya Mama Kavuo, na yule atakayemridhisha, Mama atamwekea hapo alama ya kidole chake, kwa kuwa hajui kuandika. Pasipo kidole hicho, hakuna atakayemgusa mgonjwa wa hospitali hii.

Nawashukuru mlionivumilia mpaka hapa. Mama Kavuo, njoo mbele, ukae kwenye kiti changu.