Manang Soling na Meza ya Tatu

Ijumaa, tarehe 31 Mei 2024, Bi. Consolacion Dumlao, Manang Soling wetu, yaani dada yetu mkubwa, anastaafu rasmi baada ya kukitumikia Kituo cha Hisabati za Msingi cha chuo chetu kwa miaka thelathini na sita kasoro siku chache.

Kazi yake ilikuwa kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza wenye vyeti safi lakini wanaotokwa na jasho wakiona hesabu za sehemu. Wino mwekundu hakuwahi kuugusa. Aliuliza tu, "Hebu niambie, mdogo wangu, hapa ulikuwa unawaza nini?" Wauguzi wasio na idadi wamepita mikononi mwake, na mkuu wa kitivo mmoja ambaye leo ameketi mstari wa mbele na hatutamtaja.

Mara mbili alipewa cheo makao makuu, mara mbili alikikataa. Tulidhani anapenda upepo wa dirisha letu. Kumbe alikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye hajamaliza.

Wiki yake ya tano kazini, saa sita mchana, Florante Ragsac, kijana wa ng'ambo ya mto, alikuja akaketi meza ya tatu. Kesho yake alikuwa na mtihani, na akifeli angefukuzwa chuo. Manang alikuwa anakula. "Ngoja kidogo, nimalize wali," alimwambia. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Kijana alikuwa amekata tamaa, akashika njia ya kwao mvua ikinyesha, na mto ukamchukua. Mezani aliacha karatasi: 1/2 + 1/3 = 2/5. Alijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kama wanavyofanya karibu wote.

Tangu siku hiyo Manang hakula cha mchana kabla mwanafunzi wa mwisho hajaondoka. Na kila siku saa sita aliweka meza ya tatu sahani ya bibingka, ile keki ya mchele, kama sisi Wailoko, watu wa hapa, tunavyowawekea chakula marehemu wetu. Ila yeye aliikata vipande sita sawasawa, akaweka pembeni swali lile lile na penseli, kisha akakifundisha kiti kitupu.

Nilipoajiriwa mwaka 2009 nilicheka sana. Kisha nikaiona karatasi. Ilikuwa imejibiwa 2/5 kwa mwandiko wa kubanana, na hakuna aliyekuwa ameketi pale. Siku ya pili, 2/5 tena. Nikaanza kwenda kula nyumbani.

Mwaka 2016 mwanafunzi wa uuguzi, Nemia, alikuwa meza ya nne akihangaika na swali, akaita, "Manang, njoo bwana! Huyu kaka wa pembeni anakosea kama mimi, tufundishe wote basi." Tuligeuka, hapakuwa na mtu. Manang alivuta kiti na kusema, "Haya, nyote wawili, tazameni sahani." Nemia alifaulu. Sahani haikuguswa, hata sisimizi waliizunguka kwa mbali.

Mwezi uliopita alinijia ofisini akilia. "Nikiondoka naye bado hajajua, nani atamngoja?" Niliogopa, na sioni aibu kusema hivyo.

Jumatano iliyopita alikata bibingka kama kawaida, akaenda kuosha kisu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni muda wote, na hakuna aliyepita. Aliporudi, vipande vitano havikuwepo. Kilibaki kimoja. Kwenye karatasi, mwandiko ule ule wa kubanana: 5/6. Manang aliketi, akacheka huku machozi yakimtoka, akakila kile kilichobaki. "Umeona? Siku zote nilikwambia kijana huyu si mjinga," aliniambia.

Manang Soling, chuo kinakushukuru, na sisi wa kituoni tunakushukuru zaidi. Nenda kwako Badoc ukale wali wako ungali moto, bila kumngoja yeyote. Afya njema, wajukuu wengi, na usingizi wa mchana usio na wa kuukatiza.

Ila simu usiizime. Mimi ndiye ninayerithi meza zako, na jana saa sita nilikuta kwenye meza ya tatu penseli imechongwa, kiti kimegeuzwa upande wangu, na kitabu cha hesabu kimefunguliwa sura ya pili.