Priska Mshana na Hesabu ya Watoto Walio Hai

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Priska Mshana, Afisa Takwimu wa halmashauri yetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kazini. Mwenyewe angesisitiza niongeze: na siku kumi na saba. Nimeongeza, maana sitaki matatizo.

Alizaliwa Ngujini, akateremka Same mwaka 1991 na sanduku la bati na kikokotoo kimoja. Tangu hapo hakuna aliyesema "siku hizi" mbele yake akabaki salama. Ukilalamika kwamba siku hizi chai inachelewa, anakuuliza tangu lini, na mara ngapi. Wengi wetu tulijifunza kunywa chai kimyakimya.

Namba kila mtu anakusanya. Alichokiweza yeye ni kuzipeleka kwa watu wasiozitaka. Kabla ya kutaja takwimu yoyote, alitaka kila mtu aandike kadirio lake, aikunje karatasi, aitie kikapuni. Pale kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, muuza samaki mmoja, Mzee Isihaka, aliandika kwamba duniani wasichana wawili tu kati ya kumi humaliza shule ya msingi. Jibu ni karibu tisa. Mzee alibisha kweli kweli, mpaka Bi. Priska alipomuuliza habari za mabinti zake. Anao watatu na wote wamemaliza. Alicheka, akakiri kwamba alidhani ni nyumba yake tu yenye bahati.

Lakini siku iliyoniacha mdomo wazi ni ya mwaka 2018, katika kijiji kimoja cha milimani ambacho ameniomba nisikitaje. Mkutano wa kijiji ulikuwa umeitishwa ili kuikataa chanjo ya surua. Mwenyekiti, Bw. Nathanaeli, alieleza kwamba tangu chanjo zije watoto wanakufa kuliko zamani, na ushahidi anao kwenye simu: kundi la kijiji la WhatsApp halipitishi mwezi bila tangazo la msiba wa mtoto, wa hapo au wa mbali. Nilikuwepo, na nakiri nilianza kumwamini.

Bi. Priska hakubishana. Aliwaamkia bibi waliokaa mbele, kisha akawaomba, kila mmoja, aseme amezaa wangapi na wangapi walivuka miaka mitano. Akasimama mama yake mwenyekiti, mwenye miaka themanini na kitu, akasema amezaa tisa, wanne walikufa wadogo. Halafu akawataja kwa majina, mmoja mmoja. Bw. Nathanaeli alikuwa hajawahi kuyasikia. Zamani, kule, mtoto mdogo alizikwa na akina mama wachache nyuma ya nyumba, bila kutangazwa kanisani, bila matanga. Vifo vilikuwa vingi, habari zake ndizo zilikuwa chache.

Bibi ishirini na mmoja walisema. Kati ya watoto wao 152, waliofariki ni 41. Binti zao nao wakahesabu: watoto 94, waliofariki watano. Bi. Priska akaeleza kwamba ndivyo ilivyo hata duniani, vifo vya watoto wadogo vimepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1990. Mwenyekiti alisimama. Aliuliza wachanjaji wanakuja lini. Wiki iliyofuata wajukuu zake ndio waliotangulia kwenye foleni.

Mwaka jana taarifa ya kijiji kile ilifika mezani kwetu. Kwenye safu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano iliandikwa sifuri. Sote tulishangilia, isipokuwa yeye. Alisema kuna mtu amesahau kujaza. Akaniburuta mlimani, akiwa na miaka hamsini na tisa na goti bovu, tukapita nyumba kwa nyumba siku tatu na daftari la kliniki. Watoto walioandikwa humo walikuwa 212, na kila mmoja alitaka amwone kwa macho. Wa mwisho alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake shambani. Bi. Priska alimgusa mguu, akaweka alama, akakaa chini kwenye tuta akalia. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akilia.

Bi. Priska, wenzako tunakushukuru. Kaishi salama Ngujini, upumzishe hilo goti. Wote 212 walikuwa hai.