Nyumba Niliyoishuhudia Kabla Haijakauka

Bwana asifiwe, kanisa! Naomba mniitikie kwa nguvu, maana leo nahitaji kubebwa na sauti zenu. Bwana asifiwe tena! Amina.

Kwa wageni, mimi naitwa Selina. Wengi mnaniita Mama Wycliffe. Ni mjane, nakaa hapa Kiamunyi kwa ile nyumba ya zamani ya mawe, ile yenye mikaratusi langoni. Na nyinyi wenyeji mnakumbuka kwamba si muda mrefu umepita tangu nisimame papa hapa nikashuhudia. Mlipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele hadi watoto wa Sunday school wakachungulia. Ndugu zangu, ushuhuda ule ulikuwa wa uongo. Leo nimekuja kuufuta mbele ya watu walewale walioupigia makofi, na nawaomba mnivumilie mpaka mwisho.

Nyumba ile aliinunua baba mkwe wangu, mzee aliyetoka magharibi akafanya kazi reli mpaka nywele zikawa nyeupe. Ilikuwa nyumba ya meneja wa shamba, wakati huku kwetu kote kulikuwa ngano tu. Kuta za mawe, dari ya mbao laini, sakafu ya mbao inayolia ukitembea. Mume wangu alizaliwa ndani ya nyumba hiyo, na ndani yake akanifia. Mtoto wetu ni mmoja, Wycliffe, na Wycliffe yuko Ghuba anatafuta riziki. Kwa hivyo ni vyumba sita na mtu mmoja. Nikipika sukuma wiki, nakula leo, nakula kesho, na kesho kutwa bado ipo. Nasema hivi mjue kwamba upweke wangu haukuletwa na dhoruba. Dhoruba iliukuta umeshakaa kwenye kiti.

Siku ile ya dhoruba mnaijua, kila mtu alipoteza kitu. Upepo ulishuka kutoka upande wa Menengai saa tisa mchana, ukang'oa mabati yote ya nyuma, mengine tukayaokota kwa mahindi ya jirani. Mvua ya mawe ikaingia ndani kama mgeni aliyealikwa. Nilisimama sebuleni na ndoo moja mkononi, nikicheka kama mwendawazimu, kwa sababu ndoo moja ingefanya nini?

Kesho yake wanaume wa kanisa hili walikuja na ngazi na misumari, wakarudisha paa. Hilo ni la kweli, na sikuwashukuru vya kutosha. Waliomba, wakanywa chai, wakaondoka. Paa likawa zuri. Lakini maji yalikuwa yameshaingia chini yake. Dari ilivimba ikashuka katikati kama tumbo. Plasta ikawa inaanguka kipande kwa kipande, utasikia tu pwaa, unaenda kuangalia. Ukungu mweusi ukapanda ukutani nyuma ya kabati. Na chini ya zile mbao za sakafu maji yalikaa, mimi nisiyaone, nikasikia tu harufu.

Nilihama nikaingia jiko la nje, lile la kuni. Nikaweka godoro karibu na mafiga. Ndani ya nyumba nilitengeneza ukuta mmoja tu, ule wa sebuleni unaotazama mlango. Niliununulia rangi ya maziwa, nikaupaka mwenyewe, nikatundika juu yake picha ya harusi yetu.

Sasa sikieni ujinga wangu. Jumapili moja Pasta akauliza, nani ana ushuhuda? Mama mmoja akashuhudia mtoto wake amepata kazi. Kijana akashuhudia amepona. Na mimi nimekaa hapo, kila anayenipita ananishika bega na kusema pole, Mama Wycliffe, pole sana. Nilikuwa nimechoka na pole! Nilitaka siku moja tu niangaliwe kama mtu ambaye Mungu anamkumbuka. Sisi hapa tuna desturi ya kushuhudia kwa imani, unalitangaza jambo kabla halijatimia na kulishukuru mapema. Siipingi. Nimemwona Mungu akiiheshimu. Lakini kuna imani, na kuna kiburi kilichoazima nguo za imani. Nikasimama nikasema, nyumba yangu imerudi, yote, imekauka, imependeza kuliko mwanzo, Mungu amenifuta machozi!

Na mkafurahi. Mlifurahi kwa moyo safi, ndiyo maana inaniuma.

Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekuja kwangu. Sitaki kuwalaumu. Mtu akishasema amepona, nani atampelekea uji? Mlinipungia mkono barabarani, mkasema tunamsifu Mungu kwa ajili ya nyumba yako, na mimi nikasema amina. Nilirudi nikafunga lango, nikafunga mlango kwa komeo, nikavuta mapazia, nikaenda kukaa jikoni kwa moshi. Akina mama walipotaka kuja kufanya ibada ya shukrani kwa nyumba, nilisema wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema nina homa. Wiki iliyofuata nikasema naenda Naivasha kuona dada yangu. Dada yangu alikuwa hajui hata kama nakuja, kwa sababu sikwenda.

Wycliffe alikuwa akipiga simu ya video kila Ijumaa. Nilikuwa navaa ile gauni ya buluu, naingia sebuleni, nakaa mbele ya ule ukuta wa rangi ya maziwa. Anafurahi kweli. Siku moja akasema, "Mum, nyumba imekuwa poa! Hebu geuza simu nione kule jikoni." Nikasema netiwaki inapotea. Nikakata. Ndugu zangu, nilimkatia simu mtoto wangu wa pekee, mtu wa pekee aliyeniita mama wiki hiyo nzima. Nikabaki nimekaa mbele ya ukuta, na gauni yangu nzuri, nikalia mpaka nikakohoa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nimeficha nyumba.

Ikafika Jumatano moja, mchana, mvua inanyesha. Jikoni kulikuwa na baridi, nikasema niende chumba cha nyuma nikatoe blanketi kwa sanduku. Simu nikaiacha jikoni. Niliingia, nikafunga komeo nyuma yangu, maana ilishakuwa tabia. Hatua ya tatu kwenye chumba kile, ubao ukasema kwa! Mguu wa kulia ukazama mpaka kwenye paja. Mbao ilikuwa imeoza yote, imebaki ngozi ya juu tu. Nilipojaribu kuuvuta, vipande vilivyovunjika vikanishika kama meno. Ukivuta, vinaingia zaidi. Chini mguu wangu ulikuwa kwenye matope baridi.

Niliita. Mvua kwenye mabati, nani atasikia? Niliita mpaka sauti ikakauka. Nikaanza kuomba, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyouogopea mguu. Maneno yote ninayoyajua ya maombi yalikuwa ni yale ninayoyasema hapa mbele yenu, ya kushinda na kupokea. Hayakutoka. Halafu nikasema, Bwana, nyumba haijakauka. Basi. Hayo ndiyo maombi yangu yote. Yalikuwa maneno ya kweli ya kwanza kutoka kinywani mwangu kwa majuma mengi.

Mvua ikapungua. Nikasikia lango, nikasikia viatu kwenye changarawe, nikasikia hodi. Alikuwa Mama Chebet, mwenyekiti wetu wa akina mama. Alikuja kuchukua sufuria kubwa la kanisa, ninalolihifadhi mimi, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na ruracio, sherehe ya mahari, kwa mshirika mmoja na watu wapikiwe. "Hodi! Mama Wycliffe, uko?"

Ndugu zangu, sasa nawaambia jambo ambalo ni aibu kuliko yote. Sikuitika. Mguu umeshikwa, damu inatoka, msaada uko mlangoni, na mimi nimeziba mdomo wangu kwa mkono wangu mwenyewe! Kwa sababu nikiitika, ataingia, na akiingia, ataona. Nilikuwa tayari kuozea pale pamoja na mbao kuliko Mama Chebet aone ukungu wangu. Alibisha tena. Akangoja. Halafu nikasikia viatu vinarudi kwenye changarawe, vinaelekea langoni.

Huo ndio wakati Mungu aliponiokoa, na hakuniokoa kwa malaika. Alinitolea ule mkono mdomoni. Nikapiga yowe ambalo sijawahi kupiga hata siku ya kumzika mume wangu. "Mama Chebet! Niko ndani! Usiende!"

Mlango wa mbele ulikuwa na komeo. Wa nyuma ulikuwa umevimba kwa maji. Mnamjua Mama Chebet, si mtu wa kubembeleza mlango. Aliupiga ule wa mbele bega mara tatu ukafunguka pamoja na fremu. Nikamsikia anapita sebuleni, anapita koridoni, anapunguza mwendo. Akafika mlangoni pa chumba. Akatazama dari. Akatazama kuta. Akanitazama mimi.

"Nyumba uliyoshuhudia ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

Nilingoja matusi. Akavua koti lake, akalikunja, akasema, "Mguu kwanza. Ushuhuda baadaye." Akapiga magoti kwenye maji yale, akavunja mbao kwa mikono, kipande kimoja kimoja, hadi nikatoka. Alinifunga kwa kitambaa chake cha kichwa, akanipeleka hospitali, nikashonwa.

Njiani hakuniuliza kitu. Mimi ndiye niliyemuuliza kama atawaambia watu. Akasema, "Mimi sisemi. Wewe ndiye ulisema, wewe ndiye utasema." Na kweli hakusema. Lakini kila siku baada ya kukamua alikuja na maziwa na mtaimbo, tukang'oa mbao zilizooza, tukazitoa nje. Aliniletea pia fundi, Mzee Kamau, fundi wa zamani anayezijua nyumba hizi za wazungu. Mzee alipapasa ule ukuta wangu wa rangi ya maziwa, akaukwaruza kwa ukucha, rangi ikatoka kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nyuma yake maji matupu. Akaniambia, "Mathe, ulifungia maji ndani. Nyumba kama hii haitibiwi kwa rangi. Fungua madirisha yote, toa mapazia, iache ikae uchi ipigwe na upepo. Ikikauka ndiyo utaongea mambo ya plasta."

Nikakwaruza ukuta wote mimi mwenyewe, nimekaa kwenye kiti, mguu nimeunyoosha. Nikafungua madirisha. Watu wakipita barabarani waliona ndani, na mimi niliona wanavyoona. Wengine wenu mlipunguza mwendo, nikawaona.

Ijumaa Wycliffe alipopiga simu, sikuvaa gauni ya buluu. Nikamwambia, mwanangu, naigeuza simu. Nikampitisha chumba kwa chumba, mpaka kwenye lile shimo. Halafu akasema, "Mum, kwa nini unanidanganya?" Simu ikakatika, na safari hii haikuwa netiwaki. Siku nne nikampigia, hakupokea. Siku hizo nne sitazisimulia. Siku ya tano akapiga, macho mekundu, akasema, "Nionyeshe tena. Polepole." Nikamwonyesha.

Ndugu zangu, sitasema leo kwamba yote yamekwisha. Vyumba viwili vimekauka na vimepigwa plasta mpya. Vinne bado. Mimi bado nalala jiko la nje. Bado nyumba ni kubwa, bado mimi ni mmoja, na kuna jioni naongea na kuku kwa sababu kuku wako. Mungu hajaniondolea upweke, lakini amenitoa kwenye uongo uliokuwa umeufungia upweke huo ndani pamoja nami. Namshukuru kwa hilo. Namshukuru kwa bega la Mama Chebet. Namshukuru kwa ule ubao uliooza, ndiyo, hata huo!

Na kama uko hapa, na ulishasema umepona na hujapona, ndoa imetengenezeka na haijatengenezeka, mtoto ameacha pombe na jana alilala mtaroni, nakusihi kama dada yako, mtumaini Mungu kiasi cha kumwambia mtu mmoja ukweli. Mmoja tu. Mungu haogopi nyumba yenye maji. Ni sisi tunaoogopa.

Jumamosi hii tunang'oa sakafu ya chumba cha nyuma. Mzee Kamau amesema inahitaji watu wengi wa kubeba, na mimi mguu wangu bado hauwezi. Kwa kawaida hapa kanisani tunaambiwa tufumbe macho ndipo watu wainue mikono, ili mtu asione haya. Leo naomba tusifumbe. Pasta, uniruhusu.

Unayeweza kuja, inua mkono nikuone.