Vidonge vya Rangi Mbili Vilivyonimaliza Tumbo

Jina la Bwana lihimidiwe, wapendwa! Mimi ni Mama Paulina wa Bagara. Nimesimama mbele yenu kushuhudia.

Ndugu zangu, mnaikumbuka ile miaka ya themanini: sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, hospitali dawa hakuna. Nilikuwa napalilia shamba letu la Singe, jembe likanikata mguu. Kidonda kikaoza. Mume wangu akahangaika mpaka akapata kopo zima la vidonge vya rangi mbili kwa mlanguzi. Kidonda kikapona! Lakini nani angethubutu kuzitupa dawa zilizobaki wakati ule? Nikaendelea kumeza, nikidhani najikinga.

Ndipo tumbo likaharibika. Chakula kinaingia, kinatoka. Nikazidisha vidonge, tumbo nalo likazidi. Magauni yakaanza kunivuka mabegani. Na uvumi wa ule ugonjwa mpya wa kukonda ulikuwa umeshafika hapa kwetu Babati! Majirani wakaacha kupiga hodi. Baba Paulina akahamishia godoro lake sebuleni. Ndugu zangu, sikai, silali, nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia! Nikalia, "Bwana, nani atanilelea Paulina?"

Mama mkwe ndiye aliyenishika mkono. "Twende kwa daktari, mwanangu. Kama ni kifo, tukijue jina lake."

Daktari akaniuliza, "Mama, unameza nini?"

"Rangi mbili, daktari. Toka wakati wa palizi."

Akashika kichwa. Tulikuwa tumeshavuna!

"Tumboni mna vijidudu wengi," akasema. "Wamo rafiki, wanaosaidia kusaga chakula na kuwazuia wabaya wasitawale. Dawa hii haichagui. Umefyeka magugu na mahindi pamoja. Acha leo hii."

Kuacha! Nilitamani kuvirudia, nikihofu kidonda. Mama mkwe akavitumbukiza chooni, akaninywesha uji wa mtama na maziwa mgando, kidogo kidogo.

Asubuhi moja nikaamka na njaa. Njaa, ndugu zangu! Nikala ugali, ukakaa. Baba Paulina akanikuta, akakaa chini, akamega tonge kwenye sahani yangu. "Nisamehe, mke wangu," akasema. "Niliogopa."

Hata leo tumbo likinguruma, moyo unaruka. Lakini namshukuru Mungu aliyeumba hata visivyoonekana vitutumikie. Wewe uliyejifungia ndani ukiogopa jina la ugonjwa wako, mtumaini Yeye, kisha inuka ukapimwe. Kama unaogopa kwenda peke yako, nifuate hapo nje baada ya ibada. Nitakusindikiza.