Aliyekanwa kwa Mikono Yake Mwenyewe

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto, anayesikiliza kwa simu aongeze sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mmemwona, lakini sauti yake hamjawahi kuisikia. Bunge likikutana, yeye ndiye aliyekuwa kwenye kile kiduara kidogo, kona ya chini ya televisheni zenu. Blauzi nyeusi. Mikono inakwenda, nyusi zinakwenda, uso mzima unakwenda. Ndiye huyo. Alikuwa mkalimani wa lugha ya ishara. Wenzake kazini walimwita Dada Mikono, na mimi nitamwita hivyo hivyo, maana jina hilo alilipenda.

Dada Mikono amefariki. Tumemzika Jumamosi. Na nawaambia mapema, asije mtu akalalamika baadaye: kipindi cha leo kina hasira ndani yake. Nilijaribu kuiacha nyumbani, imenifuata mpaka studio.

Tuanze na mama yake. Mama ni kiziwi tangu utotoni. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, penye mashine zinazonguruma kama zimekasirishwa. Wenzake walitoka mle vichwa vikiwauma. Yeye alitoka anatabasamu. Nilipomtembelea juzi, mkalimani aliyefanya kazi na Dada Mikono alikaa kati yetu akatuunganisha. Mama akaniambia, "Mle ndani mimi ndiye niliyekuwa mzima. Wao ndio waliokuwa wanapiga kelele hawasikilizani."

Mama alizaa watoto wawili. Wa kwanza, Dada Mikono. Wa pili, mdogo wake wa kiume, ambaye leo ni mbunge. Narudia, tusije tukapoteana njiani: dada ni mkalimani, mdogo wake ni mbunge, mama yao ni kiziwi. Mbunge nitamwita Mheshimiwa, kama anavyopenda mwenyewe.

Baba yao alifariki mapema. Watoto wale wakawa masikio ya Mama. Sokoni wao, kliniki wao, kwa mwenye nyumba wao. Sasa sikieni hii. Siku moja mwalimu alimwita Mama shuleni. Mtoto wa kiume alikuwa ametoroka darasani wiki nzima. Mwalimu anasema, na mtoto mwenyewe ndiye anayetafsiri! Mama anauliza, mwalimu anasemaje? Mtoto anajibu kwa mikono, tena bila haya, "Anasema mimi ni wa kwanza darasani, anataka kukupongeza." Mama akamshika mwalimu mkono, akamshukuru mpaka mwalimu akachanganyikiwa. Dada yake alikuwa mlangoni, anaona yote. Akaingia, akatafsiri upya, neno kwa neno. Mdogo wake alimnunia siku nyingi. "Mimi nilimwambia mdogo wangu nampenda," Dada Mikono aliwahi kunisimulia, anacheka, "lakini Mama lazima apate maneno yaliyosemwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake maisha yote. Maneno yaliyosemwa. Hakuongeza chumvi, hakupunguza.

Mdogo wake alipogombea ubunge, dada aliacha shughuli zake akapanda naye majukwaani. Jua linawaka, yeye anatafsiri. Hakuna mgombea mwingine aliyekuwa na mkalimani. Viziwi wa jimbo lile walimpigia kura kwa wingi, kwa sababu ndiye pekee waliyemwelewa. Wengine mpaka leo wanasema, "Tulimchagua dada yake."

Dada Mikono hakuolewa. Aliishi na mwenzake, mwanamke, fundi wa miwani, kwenye vyumba viwili juu ya duka la fundi. Walikutana kwa ajili ya Mama. Miwani ya Mama ilivunjika, na kiziwi asiyeona vizuri ni kama umemfungia nje. Fundi aliacha wateja wote wakimsubiri, akaitengeneza palepale. Kisha akamgeukia binti, akauliza, "Nikitaka kumwambia Mama karibu tena, nafanyaje?" Akafundishwa. Akaendelea kufundishwa, wiki baada ya wiki, mpaka akawa mtu wa nyumbani.

Majirani waliwaita "wale dada wawili". Nikamuuliza Mama kama alijua kwamba ni wapenzi. Alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga mpole. "Nyinyi mnaosikia mnangoja kuambiwa," akasema. "Mimi naangalia. Nilijua siku nyingi."

Sasa tufike bungeni. Mnaukumbuka ule muswada. Ulitaka kufuta kifungu cha sheria kinachowapeleka jela watu wazima wa jinsia moja wanaopendana. Kufuta kifungu, basi. Haukumlazimisha mtu kitu. Nchi nzima ikawaka. Kituo hiki kilipokea simu mpaka laini zikakwama. Mbunge mmoja mzee alisimama akasema, "Sheria hii haijamlinda mtoto wa mtu yeyote. Inawalinda wanaotishia wenzao." Wengine walisema mambo ambayo siyarudii hewani, maana kuna watu wako mezani wanakula.

Dada Mikono aliyarudia. Ilikuwa kazi yake. Viziwi walikuwa na ishara ya zamani ya kuwataja watu hawa, ishara mbaya, ya kudhalilisha. Yeye alihangaika miaka mingi kuwafundisha nyingine yenye heshima. Lakini mbunge akitukana, mkalimani hawezi kutafsiri adabu. Kwa hiyo alisimama pale, siku baada ya siku, akaitumia ishara ileile aliyoipiga vita.

Jumapili kabla ya siku ya mwisho ya mjadala, familia ilikula pamoja nyumbani kwa Mama. Fundi wa miwani alikuwepo. Dada Mikono akamwambia mdogo wake, "Bwana mdogo, sikuombi uunge mkono. Najua chama chako. Nakuomba unyamaze tu." Na Mheshimiwa akamjibu, mdomo umejaa chakula, "Dada, wasiwasi wa nini? Mimi nitakaa kimya kama maji mtungini." Alisema kwa mdomo na kwa mikono, Mama naye akaona. Dada Mikono akamwongezea nyama.

Mkalimani mwenzake aliomba wabadilishane zamu. "Nilimwambia, kaa nyumbani kesho, nisimame mimi. Akaniambia, hapana, mdogo wangu ameniahidi."

Kuna jambo lazima mlielewe. Mkalimani akiwa kazini hasemi "yeye anasema kwamba". Mzungumzaji akisema mimi, mkalimani anajigusa kifua chake mwenyewe. Mimi. Akisema nina njaa, ni mkalimani mwenye njaa. Ndivyo kazi inavyofanywa duniani kote.

Siku ile Mama alikaa mbele ya televisheni mapema. Alizipenda siku za bunge. "Watoto wangu wote wawili," alikuwa akiwaambia majirani, "wako sebuleni kwangu kwa wakati mmoja."

Mheshimiwa akasimama. Mkanda tunao hapa studio, sitaucheza. Na hata nikiucheza mtamsikia yeye tu, dada yake hasikiki kwenye mkanda. Nawasomea alichosema. "Mheshimiwa Spika, napinga muswada huu kwa nguvu zangu zote. Nasema kwa uchungu, kwa sababu balaa hili limeingia mpaka nyumbani kwetu. Mama yangu alizaa watoto wawili, na mmoja amechagua njia hiyo. Mheshimiwa Spika, kuanzia leo mimi sina dada."

Meza zikapigwa. Wakashangilia.

Hakumtaja jina. Ataje ya nini? Nchi nzima ilijua dada yake ni nani, na alikuwa palepale kwenye kona ya televisheni.

Mkalimani mwenzake alikuwa amekaa kando. "Niliinuka nimpokee zamu," ananiambia. "Akanitikisia kichwa. Kidole kikaenda kifuani. Mimi. Halafu dada. Halafu sina. Hakuruka neno. Na uso aliutoa vilevile, hasira ya mdogo wake yote, maana uso nao ni lugha. Nililia mimi. Yeye hakulia."

Ndivyo Mheshimiwa alivyomruka dada yake kimanga, na ndivyo Mama alivyopata habari. Aliipata kwenye mikono ya binti yake, binti anajikana mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini hakuzima televisheni. "Ningemzima yeye," akasema. "Alikuwa bado kazini."

Jioni Dada Mikono alifika kwa Mama. Alisimama mlangoni, mikono ameitia mifukoni. Mtoto wa kiziwi akificha mikono, amenyamaza. Mama akamfuata, akaitoa mikono ile mfukoni mmoja mmoja. Akamwambia, "Yale ni maneno ya mdogo wako. Ya kwako nayajua." Hapo ndipo alipolia.

Muswada ulianguka. Kifungu kipo mpaka leo. Nasema tena, kipo mpaka leo.

Yaliyofuata ni mepesi kuyasimulia, na ni mabaya. Ofisi ilimwambia apumzike kwanza, na kupumzika huko hakukuisha. Mlango wa duka la miwani ulipakwa maneno kwa rangi nyekundu. Fundi akayafuta, yakaandikwa tena. Mheshimiwa alikwenda kwa Mama mchana mmoja, gari linanguruma nje, akamwambia, "Ni siasa tu, Mama. Dada ataelewa." Mama akamuuliza, "Umemwambia mwenyewe?" Akasema atamwambia.

Hakumwambia. Na hili ndilo linalonikaba mpaka leo. Dada Mikono alimngoja. Fundi wa miwani ananiambia, "Simu ikitetemeka tu, anaiangalia. Nikawaka. Nikamwambia, huyo kakuuza mchana kweupe, unamngojea nini? Akaniambia, usimseme mdogo wangu. Ana aibu tu. Atapiga."

Kikohozi kilianza kama mzaha. Ikawa homa, kisha kifua. Aliogopa kwenda hospitali, kwa sababu kule habari zake zilishafika kabla yake. Alisema aende akajibu maswali ya nani? Fundi alipombeba kwa nguvu, nimonia ilikuwa imeshamaliza kazi. Wodini aliuliza tena kama simu yake ina chaji. Ilikuwa na chaji.

Jumamosi Mheshimiwa alikuja kuzika. Magari, miwani myeusi, wapiga picha. Fundi wa miwani alikalishwa safu ya nyuma kabisa, mshereheshaji akamtaja kama jirani. Jirani! Mama alikuwa mbele, na mkalimani amesimama akimtazama.

Mheshimiwa akashika kipaza sauti. "Mimi," akaanza, "nilimpenda sana dada yangu." Mkalimani akajigusa kifua, akaanza kutafsiri.

Mama akafumba macho.

Wasikilizaji wapendwa, sisi tukichoka na mtu tunageuka, lakini sauti yake inatufuata. Kiziwi akifumba macho, umekwisha. Huna pa kupitia. Na kijana yule analijua hilo kuliko mtu yeyote pale makaburini. Akapaza sauti. Akapaza sauti kwa nani? Akaacha hotuba katikati, akashuka, akamgusa Mama bega. Mama hakufumbua. Akamgusa tena. Wapiga picha wakashusha kamera zao kwa aibu. Alipoondoka, ndipo Mama alipofumbua macho, akageuka, akamtafuta fundi wa miwani kule nyuma, akamwita aje akae kwenye kiti cha Mheshimiwa.

Najua hamkubaliani wote kuhusu ule muswada. Simu zenu nazijua, na matusi yenu nayajua pia. Sina haja ya kumgeuza mtu leo. Nawaomba mkae na swali moja mkiosha vyombo, mkifunga maduka: kama kifungu kile kisingekuwepo, yule kijana angekuwa na nini cha kuuza siku ile? Na wewe, nyumbani kwako, kuna nani anayekuamini kwamba utakaa kimya?

Pole nyingi kwa Mama. Mama hasikii redio, lakini mkalimani amekaa naye sasa hivi, anamfikishia. Mama, neno hili ni langu, si la mtu mwingine: ulizaa binti mkweli. Pole kwa fundi wa miwani. Wewe si jirani. Wewe ni mfiwa, na nakutaja hewani kama mfiwa. Pole kwa viziwi wote mliozoea kumwona pale kwenye kona.

Ofisi ya Mheshimiwa ilitupigia asubuhi. Iliomba tusisahau kumpa pole naye, kwa kufiwa na dada yake kipenzi. Mheshimiwa, nimefungua kumbukumbu rasmi za bunge nikasoma maneno yako. Ulisema huna dada. Basi kwako wewe hakuna msiba.