Kengele ya Mapema

Asubuhi ile kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mzee anayepiga kengele ulingoni alikuwa akimlalamikia mama mmoja, fundi cherehani anayeshona bukta za mabondia.

"Ngumi zimekufa, mama. Jumamosi watazamaji walikuwa kumi na wanne, na mmoja alikuja kufuata kiti chake tulichoazima."

"Hazijafa, baba. Wewe ndiye unayezikatisha. Raundi ya dakika tatu unaigongea kengele baada ya moja na nusu. Watu watazame nini?"

"Saa yangu inakwenda mbio."

"Inakwenda mbio mpwa wako akiwa ulingoni tu?"

Abiria wakageuka. Aliyekuwa amesinzia aliamshwa na jirani yake asije akakosa uhondo. Mimi nilikunja gazeti, maana ya humu yalikuwa moto zaidi.

Mama akaweka kikapu chini. "Hebu nijibu. Kila mpwa wako akizidiwa, mbona kengele inalia?"

Mzee akanyoosha mkono, akabonyeza kengele ya basi.

"Mzee, kwako si bado vituo viwili?" kondakta akamuuliza.

Basi likasimama, mzee akashuka. Tuliobaki tuliguna kwa pamoja, maana raundi ndiyo kwanza ilikuwa inanoga.